Shafti ya milimita 25: shajara ya wiki 16 kati ya darasa la uhandisi na karakana

Kabla ya kuanza

Nasoma uhandisi mitambo, mwaka wa tatu. Muhula huu nimejiandikisha pia chuo cha ufundi: Jumatatu hadi Jumatano niko chuo kikuu, Alhamisi na Ijumaa niko karakanani. Mradi ni mmoja kwa pande zote mbili, mashine ya kusagia chuma kwa ukanda wa msasa. Nimejiwekea sharti moja: kila nitakachochora nitakitengeneza mwenyewe, kwa mashine zilizopo pale. Sitamkabidhi fundi karatasi kisha nikae kusubiri.

Mashine ina vipande vingi, lakini humu nitaifuata zaidi shafti yake kuu, fimbo ya chuma inayozunguka na kuendesha ukanda.

Wiki ya 1

Hesabu kwanza. Mota ni ya kilowati 1.5 na inazunguka mara 1,450 kwa dakika. Puli ya mota na ya shafti zinalingana, kwa hiyo shafti nayo itakwenda mwendo huohuo. Gurudumu linalovuta ukanda wa msasa lina kipenyo cha milimita 200, maana yake ukanda utapita kwa mita 15 hivi kila sekunde.

Nguvu ya msokoto ikatoka niutoni-mita 9.9. Kwenye shafti ya milimita 25, mkazo wa msokoto ni megapaskali 3.2 tu, mvuto wa mkanda wa puli unaongeza mkazo wa kupinda wa kama megapaskali 16. Chuma laini cha kawaida hakianzi kulegea mpaka kivuke 200.

Dokta anayenisimamia akauliza, "Kama mkazo ni mdogo hivi, kwa nini usiweke milimita 15?" Nikajibu kwamba kupinda kunafuata kipeo cha nne cha kipenyo: ukishuka kutoka 25 hadi 15, shafti inapinda karibu mara nane zaidi kwa mzigo uleule, na ukanda utaanza kutangatanga. Akaridhika. Nikachagua beringi 6205, pete yenye gololi inayoibeba shafti ikizunguka, ambayo tundu lake ni milimita 25, kipenyo cha nje 52, upana 15.

Mchoro, toleo A, niliumaliza usiku wa manane. Kila kipimo nilikipa toleransi, yaani ruhusa ya kuzidi au kupungua, ya jumlisha au toa milimita 0.01. Niliamini kwa dhati kwamba ndiyo alama ya kazi makini.

Wiki ya 2 na ya 3

Sijagusa mashine yoyote. Nimepewa kipande cha chuma, jiliwa na tupa. Kazi: nyuso sita ziwe bapa, na pembe zote ziwe mraba.

Siku ya kwanza niliona napoteza muda. Nilikuja na mchoro wa shafti, napewa tupa! Mwalimu wa karakana, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, hakubishana nami. Alichukua kipande changu, akakiegemeza kwenye skweya, kipimio cha pembe mraba, akakiinua kuelekea dirishani. "Tazama mwanga, mwanangu." Mstari mwembamba wa mwanga ulipita kwenye kingo mbili, katikati pakiwa pamegusana na skweya. Uso niliodhani ni bapa ulikuwa umebinuka kama mgongo wa samaki, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inayumba: mwanzo wa msukumo tupa inainama nyuma, mwishoni inainama mbele. Mwanga hupita hata kwenye nafasi ya mikroni chache, yaani sehemu chache za elfu za milimita. Hakuna hesabu ya darasani iliyowahi kunionyesha mikroni namna hiyo.

Mazoezi haya ya ngazi kwa ngazi yana historia yake. Katika karne ya 19, kwenye shule ya ufundi ya kifalme ya Moscow, Victor Della-Vos aliona kwamba kumweka mwanafunzi kando ya fundi aige tu kunachukua muda mrefu na kunawafaa wachache. Akaupasua ufundi vipande vipande: tupa peke yake, kukereza peke yake, uhunzi peke yake, kila kimoja kikianzia kwenye zoezi jepesi. Kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa Philadelphia mwaka 1876, na John Runkle, aliyekuwa rais wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, alipoziona akarudi na wazo la kuweka karakana za aina hiyo chuoni kwake. Kwa hiyo tupa iliingia kwenye elimu ya uhandisi kupitia mlango wa mbele. Iliachwa njiani baadaye, na mimi nadhani tulikosea kuiacha.

Saa kumi na moja kwa jumla. Kipande changu kimepita kwenye nyuso tano. Wa sita bado una mwanga kona moja.

Wiki ya 4

Leo nimemwonyesha Mwalimu toleo A. Alilisoma muda mrefu bila kusema neno, kidole kikitembea kutoka kipimo hadi kipimo. Kisha akaweka kidole kwenye urefu wa sehemu ya katikati, milimita 118, toleransi 0.01.

"Hapa pana nini?"

"Hapana kitu, Mwalimu. Ni nafasi kati ya beringi mbili."

"Sasa huyo atakayeikereza umemwambia asimamishe mashine, apime, akate nywele moja, apime tena. Kwa ajili ya nafasi tupu."

Nilikaa kimya. Tukapitia vipimo vyote 23. Kwa kila kimoja aliuliza swali lilelile: kikizidi kidogo, nini kitaharibika? Vilivyobaki na toleransi kali ni vinne: viti viwili vya beringi (sehemu za shafti zinapokaa beringi), kiti cha puli, na upana wa mfereji wa kii, kile kipande kinachoifunga puli isiteleze kwenye shafti. Vingine vyote vimekwenda kwenye toleransi ya jumla ya kiwango cha kimataifa cha ISO 2768, daraja la kati, ambayo kwa urefu wa kati ya milimita 30 na 120 inaruhusu 0.3 huku na huku. Hiyo ni mara 30 ya niliyokuwa nimedai.

Jumatatu nilimpelekea Dokta toleo B. Akasema ni bora kuliko A, akaniuliza nimejifunza wapi kufuta. Katika miaka mitatu ya masomo nimefundishwa maana ya kila alama ya toleransi, na mtihani niliufaulu vizuri. Ila sikuwahi kusimama mbele ya mtu ambaye alama hizo zinamdai jasho.

Wiki ya 5

Siku ya kwanza kwenye lethi, mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikikereza. Kipande cha mazoezi, urefu wa milimita 200 umechomoza nje ya taya zinazokishika, upande wa pili uko huru. Nikakereza pasi ya mwisho nikiwa na furaha: chuma kinang'aa, vinyoa vinatoka vimejikunja. Nikapima karibu na taya: 25.03. Nikapima ncha ya nje: 25.24. Kipande kimekuwa nene mwishoni kwa milimita 0.21.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba mashine imepinda. Mwalimu akasema mashine haina kosa, nenda kafikiri. Nikakaa kwenye benchi na daftari, na hapo ndipo nilipoona kitu ninachokijua tangu mwaka wa kwanza: boriti iliyoshikwa upande mmoja. Kisu kinaisukuma ncha huru, ncha inakwepa, kisu kinakata kidogo kuliko kilivyowekwa. Kisu kikisogea kuelekea taya, chuma kinakuwa kigumu zaidi na kukwepa kunapungua. Tofauti ya kipenyo ni mara mbili ya kukwepa, kwa hiyo ncha ilikwepa milimita 0.105 hivi. Nikageuza fomyula ya darasani kinyumenyume, moduli ya chuma gigapaskali 200, urefu 200, kipenyo 25: nguvu ya kisu kwenye chuma ilikuwa takribani niutoni 150. Pengine ilikuwa pungufu ya hapo, maana taya nazo zinalegea kidogo, lakini kiwango ni hicho.

Nimeitatua fomyula hii mara nyingi kwenye karatasi, P, yaani nguvu, daima ikiwa imetolewa na swali. Leo P nimeitoa mimi, kwenye kipande kilichokuwa bado na joto mkononi. Niliandika hesabu yote kwa chaki ubaoni karakanani, na wanafunzi wenzangu wa chuo cha ufundi wakakusanyika. Wao walijua tangu mwezi wa kwanza kwamba kazi ndefu lazima ishikwe na ncha ya nyuma, ile inayoegemeza mwisho ulio huru. Hakuna aliyewaambia inasaidia kiasi gani. Tukapiga hesabu pamoja: ukiishika ncha ya nje, kukwepa kukubwa kabisa kunapungua zaidi ya mara 30. Tukafunga kipande kingine, ncha ya nyuma imeshika. Tofauti: 0.02. Hiyo iliyobaki, Mwalimu akasema, ni kwa sababu ncha yenyewe haijakaa sawa na mhimili. Tukairekebisha.

Naiandika siku hii kwa urefu kwa sababu ndiyo niliyokuwa naitafuta nilipojiandikisha sehemu mbili. Ningeisoma fomyula mwaka jana na kuiona lethi mwaka kesho kutwa, visingekutana.

Wiki ya 6

Mitihani ya katikati ya muhula. Karakana sikwenda.

Wiki ya 7 na ya 8

Shafti ya kwanza ya kweli. Kiti cha beringi ni 25 k6, yaani kipenyo kisipungue 25.002 na kisizidi 25.015. Upana wote wa ruhusa ni mikroni 13.

Nilikwenda polepole. Ijumaa alasiri maikromita, kipimio cha mikroni, ilisoma 25.012, nikapima mara tatu, nikaandika kwenye daftari, nikaifungua shafti na kwenda zangu. Alhamisi iliyofuata nikapima tena mbele ya Mwalimu: 25.001.

Nilidhani maikromita imeharibika. Mwalimu akauliza, "Ijumaa uliipima ikiwa imepoa?" Haikuwa imepoa. Nilikuwa nimetoka kuikereza dakika ile ile, na kipozeo nilikifunga ili nione vizuri. Chuma hutanuka sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Mikroni 11 kwenye milimita 25 ni nyuzi kama 37 juu ya joto la chumba. Ruhusa yangu yote ilikuwa mikroni 13, na joto pekee lilikula 11. Ndiyo maana vipimo vya viwandani vyote vinahesabiwa kwenye nyuzi 20. Nilikuwa nalijua hilo kama jibu la mtihani.

Hapo tukabishana kidogo. Tundu la beringi lenyewe huwa kati ya 24.990 na 25.000, kwa hiyo shafti ya 25.001 bado ingebana. Nikasema ifungwe, itafanya kazi. Mwalimu alikubali kwamba itafanya kazi. "Lakini wewe ndiye uliyeandika 25.002," akasema. "Ukiupita mstari wako mwenyewe leo, kesho fundi wako naye ataupita, na yeye hatajua ni mstari upi ulikuwa na maana." Shafti ya kwanza imewekwa kwenye rafu ya mazoezi. Iliniuma. Ni saa tisa za kazi.

Wiki ya 9

Kabla ya kuanza shafti ya pili nimeijaribu ile ya kwanza kwa beringi ya zamani, na ni heri nilifanya hivyo. Beringi haikufika kwenye bega, pale shafti inaponenepa. Ukiitazama kwa ubavu, mwanga unapita kati ya bega na beringi.

Kosa ni langu la mezani. Pale shafti inapopanda kutoka 25 hadi 32 nilichora kona ya duara yenye nusu kipenyo cha milimita 2, kwa sababu darasani tunafundishwa kwamba kona kali hukusanya mkazo na shafti hupasukia hapo. Ni kweli kabisa. Ila kona ya ndani ya beringi 6205 nayo ina duara lake, na linaweza kuwa dogo hadi milimita 1. Duara la shafti likiwa kubwa kuliko la beringi, beringi inakalia duara badala ya bega. Inakaa upande, inachoka mapema.

Nimebadilisha kuwa 0.8, ambayo pia ndiyo ncha ya kisu tulichonacho, kwa hiyo kona inajitengeneza bila kazi ya ziada. Dokta alitaka nirudie hesabu ya mkazo kwenye kona hiyo. Umepanda, lakini ulikuwa mdogo tangu mwanzo na bado uko mbali na hatari. Toleo D.

Wiki ya 10 na ya 11

Fremu. Kuchomelea nimekuona ni kugumu kuliko kukereza, na sijapata mkono wake bado. Fremu ya kwanza ilijipinda: kona moja iliinuka milimita 3 kwa urefu wa milimita 400. Chuma cha moto kinataka kutanuka, kile cha baridi kinachokizunguka kinakizuia, kinabonyea kikiwa laini. Kikipoa kinakuwa kifupi kuliko kilivyoanza na kuvuta kila kitu upande wake. Fremu ya pili tulishika kwanza kwa vidoa vidogo kona zote, kisha nikachomelea vipande vifupi nikivuka kutoka kona moja hadi iliyo mkabala nayo. Imeinuka nusu milimita. Inatosha, miguu ina bolti za kurekebishia.

Wiki ya 12

Wiki mbaya. Zoezi la maabara limehamishiwa Alhamisi na upande mmoja haukuuarifu upande wa pili. Nimekosa siku ya milingi, mashine ya kukatia mifereji, na aliyepanga ratiba ananiambia mafunzo ya karakana ni "ya ziada". Siyo ya ziada. Mwanafunzi asilazimike kuchagua kila wiki ni nusu ipi ya elimu yake aitoroke.

Na suluhisho halihitaji kubuniwa upya. Herman Schneider alipoanzisha mtindo wa kupokezana darasa na kiwanda kwenye Chuo Kikuu cha Cincinnati mwaka 1906, aliwagawa wanafunzi wawili wawili: mmoja akiwa darasani wiki hii, mwenzake yuko kiwandani, wiki ijayo wanabadilishana. Ujerumani, jimbo la Baden-Württemberg lilianza mwaka 1974 kuwapokezanisha wanafunzi kati ya chuo na mwajiri kwa vipindi vya miezi, na mwaka 2009 taasisi zile zikapewa hadhi ya chuo kikuu. Kote huko kalenda ni moja. Ratiba mbili zisizojuana ndizo zinazoua mpango kama huu, zaidi ya uhaba wa mashine. Nimeandika barua yenye sahihi za wenzangu sita, na Dokta ameiunga mkono.

Wiki ya 13

Shafti ya pili. Kipozeo muda wote, na kabla ya pasi ya mwisho nimekwenda kula nikaiacha ipoe. Viti vya beringi: 25.009 na 25.008. Mwalimu alipima mwenyewe, akanirudishia maikromita bila neno, akaenda kumsaidia mwingine. Nimemfahamu kiasi cha kujua hiyo ni sifa.

Beringi tumezipasha moto hadi nyuzi 100. Hesabu: mbano mkubwa unaoweza kutokea ni mikroni 19, na kwa ongezeko la nyuzi 75 tundu linatanuka mikroni 22 na ushei. Ziliteleza hadi kwenye bega kwa mkono uliovaa glavu, zikatoa mlio mdogo, zikatulia. Nikachungulia ubavuni. Hakuna mwanga.

Wiki ya 14 na ya 15

Mashine imewashwa. Saa mbili mfululizo bila mzigo, kiota cha beringi kikapanda hadi nyuzi 48 na kubaki hapo. Ukanda ulikuwa unakimbilia upande wa kushoto. Tumelikereza gurudumu upya liwe na tumbo dogo katikati, nusu milimita, ukajirudi wenyewe. Fremu inatetemeka kidogo, nimeongeza ubao wa mpira chini.

Barua imejibiwa. Kuanzia muhula ujao Alhamisi na Ijumaa hazitawekewa maabara kwa walioko kwenye mafunzo haya.

Wiki ya 16

Mwalimu ameagiza ya mwisho: shafti ya akiba itengenezwe na mwanafunzi wa chuo cha ufundi, mwaka wa kwanza, kwa mchoro wangu tu, na mimi nisiingie karakanani. Nilikaa maktaba siku nzima nikishindwa kusoma.

Saa tisa alasiri kijana akaja na mchoro mkononi. Shafti yote iko tayari kasoro mfereji wa kii.

"Samahani kaka. Hapa umeandika mfereji uanzie milimita 14 kutoka kwenye bega. Lakini nikiifunga kwenye milingi, bega limo ndani ya taya. Sioni pa kupimia. Nipime kutoka wapi?"

Nilitazama karatasi. Mchoro huo nilikuwa nimeurekebisha mara tatu, na mimi mwenyewe nilipokata mfereji wangu nilipima kutoka nchani kwa mazoea tu, bila kuona kwamba karatasi inasema vingine. Nikafuta kipimo kile, nikakianzishia kwenye ncha ya shafti, nikaandika toleo E na tarehe. Akakitazama, akasema sawa, akarudi kukata.